Msituuzie Saruji Mkaiita Historia

Leo nina hasira, na hasira yangu ina anwani: Mji Mkongwe wa Bagamoyo.

Nipo Msata, nyumbani. Kwa wale ambao Msata mnaijua kwa dirisha la basi tu, hapa ni njia panda. Ukitoka Segera kuelekea Chalinze, unakata kushoto, unapita Kiwangwa kwenye mananasi, unavuka Ruvu, unatokea Makofia, halafu Bagamoyo. Kilomita 64 za lami. Zamani ilikuwa safari ya vumbi na kuombeana dua, leo hata chai kwenye chupa haijapoa umeshafika baharini. Kila Ijumaa jioni nawaona vijana wenzangu wanakata kona hii, muziki juu, wanakwenda "kupumzisha akili".

Sasa, kuna rafiki yangu mmoja karudi kutoka Italia. Alikwenda Bologna kwa kozi fupi, akapanga apatimenti kwenye nyumba ya karne zilizopita. Tangu arudi hatupumui. Bologna hivi, Bologna vile. Chuo kikuu chao wanakihesabu tangu mwaka 1088. Barabara za watembea kwa miguu zimeezekwa kwa matao, ukizijumlisha zinafika kama kilomita 62, na UNESCO waliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2021. Nikamwambia, kaka, kilomita 62 ni kama kutoka hapa Msata hadi Bagamoyo, mbona hiyo huisifii? Akacheka. "Wewe naye! Sisi tuna nini cha kulala ndani yake?"

Hilo swali liliniuma. Nikasema nitamjibu kwa vitendo. Tukachanga watu wanne, tukapanga apatimenti ya siku mbili Bagamoyo, wikiendi ya Pasaka. Tangazo kwenye simu lilisema: nyumba ya kihistoria, katikati ya Mji Mkongwe, ukale halisi.

Kabla sijaeleza kilichotukuta, tuwekane sawa kuhusu huo mji, maana wengi tunaujua kwa samaki wa kukaanga tu.

Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja kwa mguu. Pembe za ndovu zilifika pale mabegani mwa watu, na watu wenyewe wakauzwa pale. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868. Februari 1874 mwili wa Livingstone ulifika pale baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba tangu kule alikofia mwaka uliotangulia. Wajerumani waliifanya makao makuu yao ya mwanzo, kisha wakahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Tajiri Sewa Haji, yule ambaye jina lake limebaki hadi Muhimbili, alitoa jengo la ghorofa liwe shule, akaweka sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome. Hiyo ni miaka ya 1890, chini ya Wajerumani!

Na elimu haijahama. Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, leo ni TaSUBa. Wacheza ngoma, waigizaji na wachongaji wangapi wamepita pale? Kuna ADEM wanaofundisha viongozi wa shule, kuna chuo cha uvuvi Mbegani, na kuna chuo kikuu kishiriki cha Marian. Kwa hiyo ukiniambia "mji wa kale wenye vyuo", mimi sina haja ya kupanda ndege. Napanda Hiace.

Haya, turudi kwenye apatimenti.

Nje, mlango ulikuwa wa kuchonga, mzuri kweli. Nikapiga picha, nikamtumia yule bwana wa Bologna. Tukaingia ndani. Sakafu ya marumaru inayong'aa kama ya ofisi ya benki. Madirisha ya aluminiamu. Dari la jipsamu lenye taa za rangi ya bluu na nyekundu, boriti zote zimefichwa juu yake. Kuta zimepigwa plasta ya saruji, zikapakwa rangi ya mafuta. Kiyoyozi kinanguruma. Ukifunga ule mlango wa nje, uko Sinza.

Usiku mvua ya masika ikashuka. Kama saa nane hivi nikasikia kishindo. Kipande cha plasta, ukubwa wa sinia la pilau, kimedondoka hatua moja kutoka kichwani pa mwenzetu. Nyuma yake ukuta ulikuwa unyevunyevu, ukiugusa unamwagika kama mchanga. Tulimaliza usiku tumekaa sebuleni na mizigo yetu.

Asubuhi akaja mzee anayeangalia nyumba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Poleni."

Nikaanza kulalamika kijiji-mji, nikidai turudishiwe hela. Akanisikiliza, halafu akauweka mkono wake pale palipobomoka, taratibu, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Mjukuu wangu, hela dai kwa mwenye nyumba. Lakini ukuta huu usiulaumu. Ukuta huu umezibwa pua."

Kumbe katika ujana wake alikuwa fundi chokaa. Akatuweka chini akatufundisha, bure, somo ambalo sikulipata miaka yote ya shule. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu, linanyonya maji kutoka chini ya ardhi na kutoka kwenye hewa ya bahari. Si kosa lake, ndivyo lilivyo. Chokaa nayo ni laini, inapitisha unyevu. Ukuta unalowa masika, kiangazi unakauka. Ndiyo maana mzee anasema unapumua. Ukiupiga saruji, umeuziba. Maji yanapanda, hayana pa kutokea. Chumvi inaganda ndani ya jiwe, inalisukuma, inalivunja kidogo kidogo. Nje unaona ukuta mzima na rangi inang'aa, ndani unageuka unga. Halafu vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza kimyakimya, na ukishaviziba kwa jipsamu huvioni vikioza. Utaviona siku dari litakapokuja kukuamkia kitandani.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapoanza, na naomba nigawe lawama kwa haki.

Wa kwanza ni mwenye nyumba. Bwana mkubwa, unauza "ukale halisi" huku unaua ukale wenyewe! Ile nyumba imesimama zaidi ya miaka mia moja bila wewe. Umekuja na mifuko yako ya saruji, ukaipaka poda kama maiti inayoagwa, ukapiga picha, ukapandisha bei. Huo si ukarabati, ni utapeli wenye rangi nzuri.

Wa pili ni wenye mamlaka. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu mwaka 1964. Inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na waziri anaweza kutangaza ulinzi kwa mengine. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO orodha ya mapendekezo ikiwa na njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, ambayo Bagamoyo ndiyo mdomo wake. Karatasi zipo, jamani, karatasi hazijawahi kutupungukia. Lakini karatasi haisimami mlangoni kumuuliza fundi: wewe, hiyo saruji unaipeleka wapi? Tangu mwaka 2013 tumebishana kuhusu bandari kubwa ya Bagamoyo mpaka koo zikakauka. Bandari ni jambo zito, sikatai. Lakini nani amewahi kukusikia wewe ukibishana kuhusu ukuta?

Wa tatu, na hapa msikimbie, ni sisi. Wewe na mimi, wasomi wa mjini. Mwenye nyumba hakuota tu kwamba tunataka marumaru. Sisi ndio tunaouliza "kiyoyozi kipo? sakafu inang'aa?" Sisi ndio tunaoandika kwamba nyumba ni "chakavu" kwa sababu tumeona ukuta wa chokaa una madoa. Tunataka ukale wa kwenye picha, na mwili tuulaze Sinza. Anatupa tunachokilipia. Mnunuzi wa mali ya wizi naye ana kesi, au siyo?

Najua mtakavyonijibu. Nimeshajibiwa.

Mtasema, "Acha watu wapate riziki, watalii ni ajira." Sawa kabisa. Lakini nyumba ikianguka, riziki ya nani itabaki? Mzee anayefagia ile apatimenti anapata ujira wa kufagia, wakati ujuzi wake wa chokaa ndio uliotakiwa umlishe. Tumemfanya fundi kuwa mfagiaji, halafu tunasema tumeleta ajira.

Mtasema, "Chokaa ni ghali, na matumbawe na mikoko imekatazwa kukatwa ovyo." Ni kweli, na iendelee kukatazwa. Lakini nani kasema chokaa lazima itoke baharini? Mawe ya chokaa yako ardhini. Tanga yapo tele. Saruji ya Wazo yenyewe inatengenezwa kwa mawe hayohayo! Tunayo malighafi ya kuuokoa mji, tunaigeuza kuwa kitu cha kuuzika. Na boriti zinaweza kubadilishwa kwa mbao ngumu nyingine, moja moja, pale palipooza tu, siyo kung'oa dari zima.

Mtasema, "Wewe unataka tubaki na magofu." Hapana. Magofu yako Kaole, na yana kazi yake. Mimi nazungumzia nyumba ambazo watu wanapika, wanazaa, wanagombana na wanapatana ndani yake.

Nirudi kwa wenzetu wa Bologna, maana rafiki yangu alinisimulia matao, akasahau kunisimulia siasa. Mwaka 1973 mji ule ulipitisha mpango wa kukarabati nyumba za kale za katikati ya mji, na wazo lilikuwa jepesi: hifadhi nyumba pamoja na watu wake. Waliokuwa wapangaji wa hali ya chini walitakiwa wabaki kwenye mitaa yao baada ya ukarabati. Ukale uliwekwa kuwa nyumba ya raia kwanza, kivutio baadaye.

Na wao si malaika. Miaka ya karibuni nyumba za wageni wa siku mbili tatu zimejaa kwenye miji ya vyuo ya Italia, kodi zikapanda, mpaka mwaka 2023 wanafunzi walilala kwenye mahema mbele ya vyuo kupinga. Maandamano yalianzia Milano. Sasa serikali yao imeagiza kila nyumba ya namna hiyo iwe na namba ya utambulisho. Kwa hiyo tunaweza kujifunza kwao mara mbili: walichofanya vizuri, na walichochelewa kukifanya. Siku mitaa yote ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo itakapokuwa apatimenti, mwanafunzi wa TaSUBa atapanga wapi? Bibi wa pale atauza vitumbua kwa nani, kwa kufuli?

Na msidhani natisha watu. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit el Ajaib ya Zanzibar, jengo la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati. Wafanyakazi wawili walikufa. Huo ni Mji Mkongwe wenye hadhi ya UNESCO tangu mwaka 2000, wenye mamlaka yake maalumu na wenye macho ya dunia nzima juu yake. Kama kule jengo mashuhuri kiasi kile liliweza kulala chini mchana kweupe, nyumba isiyo na jina Bagamoyo, iliyozibwa pua kwa saruji, ina dhamana gani? Sisi tuliponea hatua moja.

Kwa hiyo nasema hivi. Halmashauri: asiyetumia chokaa kwenye ukuta wa chokaa asipewe leseni ya kulaza mgeni. Si lazima mjenge ofisi mpya, tumeni mtu mwenye macho na kucha ya kukwangua rangi. Vyuo: Bagamoyo inafundisha ngoma na uchongaji, haishindwi kufundisha chokaa wakati wazee wanaoijua bado wako hai. Wakifa nao, tutaanza kuwaita wataalamu kutoka huko huko Italia, tena kwa dola.

Na wewe msomaji wangu, ukipanga nyumba ya kale, uliza maswali matatu kabla ya kutuma hela. Kuta zimepigwa nini? Juu ya dari kuna nini? Nani wa mtaa huo analipwa, na kwa kazi gani? Ukijibiwa kwa kubabaishwa, kalale nyumba mpya. Nyumba mpya haina dhambi. Dhambi ni kumlipa mtu aue kitu unachosema unakipenda.

Hela yetu mwenye nyumba alirudisha nusu, baada ya simu kumi na moja. Nusu hiyo tulimpelekea mzee, tukamwomba kitu kimoja: atuoneshe jinsi ya kuilaza chokaa. Akasema turudi kiangazi, chokaa haitaki haraka. Nitakwenda. Yule bwana wa Bologna amesema naye atakuja, ingawa ameuliza kama kutakuwa na kiyoyozi.

Naomba kuwasilisha.