MVUA INASINGIZIWA: SAMAKI WENGI WA MASIKA WANAKUFA KWA MAKOSA YETU

Ndugu wafugaji na ndugu zangu wachuuzi wa samaki, kila masika maneno ni yale yale. "Afisa, mvua imenimaliza." "Afisa, maji yamebeba sato wote." Halafu linafuata neno la kufunga mjadala: ni mipango ya Mungu.

Leo tubishane kidogo. Mvua ni ya Mungu, sikatai. Lakini bwawa lilichimbwa kwa jembe na sepetu, na mahali pa kulichimba palichaguliwa na mtu. Tukiendelea kumwachia Mungu kila hasara, mwakani tutachimba pale pale na kulia tena.

Tupige hesabu kwanza. Tuseme una bwawa la mita 10 kwa 20 na umepandikiza vifaranga 600, yaani watatu kwa kila mita ya mraba. Wakipona wote na kufika gramu 250, una kilo 150. Ukiuza kilo shilingi 8,000, hiyo ni shilingi 1,200,000. Ni ada ya mtoto au bati za nyumba, na inaweza kuondoka usiku mmoja.

Kosa la kwanza ni kuchimba katikati ya bonde. Hoja ya wengi ni kwamba huko maji ni ya bure na hayahitaji pampu. Ni kweli, na ndiyo maana mafuriko nayo yanapita huko huko bila kubisha hodi. Bwawa linatakiwa kuwa pembeni ya mkondo, juu kidogo, maji yakiletwa kwa mfereji kutoka sehemu ya juu ya kijito. Mfereji unaufunga mvua ikizidi, lakini kijito huwezi kukifunga. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapa miradi nayo ina lawama yake. Bwawa linahesabiwa siku linapochimbwa na kupigwa picha kiangazi. Nani anarudi kulihesabu mwezi wa nne?

Kosa la pili ni bwawa lisilo na njia ya kutolea maji. Tuta liwe juu ya maji kwa sentimita 30 hadi 50, na pawe na bomba la kupunguzia maji lenye wavu. Wavu huo usiwe kipande kidogo kilichofungwa mdomoni mwa bomba, kwa sababu majani machache tu yanauziba, maji yanapanda, yanapita juu ya tuta na kulikata. Tengeneza kama kapu kubwa la wavu kuzunguka mdomo wa bomba, na ulisafishe kila mvua inapokatika. Upande wa juu wa bwawa chimba mfereji wa kukinga maji ya mlimani. Maji hayo huleta tope linalozuia mwanga, na yakipita mashambani huleta dawa za wadudu. Juu ya tuta panda ukoka. Miti usipande, mizizi yake hutoboa njia za maji.

Samaki wakitoroka, hasara si yako peke yako. Sato hata Ziwa Victoria aliletwa miaka ya 1950. Akiingia kwenye mto usio wake huzaliana na perege wa asili na kuharibu mbegu yao. Kambale ndiyo usiseme: usiku wa mvua anatambaa juu ya majani mabichi na kwenda zake. Kwa kambale zungushia wavu.

Kosa la tatu ndilo linalonikera zaidi, maana haliji na mafuriko. Ni wingu. Mwani wa kijani bwawani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, na usiku mwani huo huo huitumia pamoja na samaki. Mawingu yakikaa siku mbili tatu, oksijeni inayotengenezwa ni kidogo, lakini matumizi hayapungui. Mvua ya baridi nayo ikipiga, maji ya juu yanapoa na kuzama, na yale ya chini yasiyo na hewa yanapanda. Alfajiri unakuta sato wamekuja juu wanatweta. Jirani anasema wamerogwa au wamewekewa sumu. Kumbe jana jioni, chini ya wingu zito, mwenye bwawa alimwaga ndoo ya pumba na kiroba cha samadi. Chakula kisicholiwa na samadi vinaoza, na kuoza kunakula oksijeni.

Najua mtanijibu: nisipolisha, samaki watadumaa. Hapana. Siku mbili bila chakula hazimdumazi sato, lakini saa chache bila hewa zinamuua. Tena maji yakipoa sana hali vizuri. Wenzetu wa Njombe na Mbeya wanalijua hilo.

Kosa la nne linawahusu wachuuzi. Mnamwambia mfugaji asubiri bei ya Kwaresma au Pasaka. Anasubiri, bwawa limejaa samaki wakubwa wanaohitaji hewa nyingi, na mvua inaanza. Wakifa, mchuuzi anahamia kijiji kingine. Ushauri wangu kwa mfugaji: vuna nusu kabla ya masika, hata kwa bei ya chini kidogo. Na wewe mchuuzi, kama unataka vyote vikusubiri, toa malipo ya awali ili mbebe hatari pamoja.

Fanya haya kabla mvua haijaanza:

1. Sikiliza utabiri wa msimu wa TMA. Kabla ya vuli ya 2023 walitangaza El Niño mapema, na waliosikia walikuwa na muda wa kujiandaa.
2. Inua matuta, zibua bomba, fyeka majani yanayoangukia majini.
3. Tumbukiza mkono bwawani. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, kijani kimezidi. Acha samadi, badilisha sehemu ya maji.
4. Siku za wingu zito, usilishe.
5. Samaki wakitweta, ingiza maji safi yakidondoka kutoka juu kwenye mawe au kopo lililotobolewa. Ukiweza, punguza maji ya chini. Usiingie kuvuruga tope.

Bomba na wavu vinagharimu sehemu ndogo ya hiyo 1,200,000. Mwenye bwawa bondeni ambaye hawezi kulihamisha mwaka huu, avune wote kabla ya masika na apandikize upya mvua zikiisha. Kabla ya kuchimba jipya, mwite afisa wa kata alione eneo wakati wa mvua, siyo kiangazi.