Usiwe Kama Mimi kwa Lipi?

Pita jioni penye makarasha yoyote pembezoni mwa mji wa Kahama, upande huu wa uliokuwa mgodi wa Buzwagi au ule. Mashine zinasaga mawe, vumbi limemkaa baba hadi kwenye kope, na mtoto aliyetumwa kuchukua hela ya unga anaambiwa maneno yaleyale: "Soma, usije ukawa kama mimi." Waliosimama pale wanaitikia. Mwalimu huyasifu maneno hayo, mchungaji huyahubiri, na mgeni rasmi wa mahafali hafungi hotuba bila kuyasema. Watu wanaamini kwamba hakuna urithi mkubwa kuliko huo ambao mzazi aliyekuja na mfuko mmoja wa rambo anaweza kumwachia mwanawe.

Mimi nasema ni maneno ya hasara. Nayajua, maana ndiyo niliyolelewa nayo.

Baba yangu alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, kijana ambaye ndevu hazijaota, akikimbia mauaji. Serikali ikampeleka makazi ya Ulyankulu, Tabora, kama wenzake wengine walivyopelekwa Katumba na Mishamo. Akapewa jembe na pori. Akalima mahindi, akalima tumbaku, hadi habari za dhahabu ya Kahama zilipomfikia. Siku hizo mkimbizi hakutoka makazini bila kibali. Cha kwake kilikuwa cha wiki mbili, na kiliisha muda wake yeye akiwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa kwenye machimbo ya Bulyanhulu, alikuwemo. Akabeba karai na godoro, akaja kuanza upya Kahama.

Mtu wa namna hiyo anajua mengi. Nimemwona akiokota jiwe ambalo wenzake wamelitupa, akalipondaponda kwenye kinu cha chuma, akaumimina unga ndani ya karai, akaongeza maji na kuanza kuzungusha taratibu, kiganja kikicheza kama cha mama anayepepeta mchele. Mchanga ukatoka na maji, ukabaki uzi mwembamba wa njano chini ya karai. Akauangalia kidogo, akasema duara lile litalipa kwa wiki tatu, basi. Likalipa wiki tatu. Nimemwona akigawa viroba vya mawe usiku kwa mwanga wa tochi: cha mwenye shamba, cha mwenye duara, vya vijana waliochimba, na kimoja cha yule aliyevunjika mguu akawa amelala tu. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, na asubuhi watu wote walirudi kazini. Tena alijua kuingia ugenini. Pamoja na kile kibali chake kilichokwisha, kila alipohamia alianza kwa balozi wa nyumba kumi, kilo ya sukari mkononi, kabla hajatafuta pa kulala.

Hayo yote hakunifundisha hata moja. Nilikuwa nikisogea karibu na karai, ananifukuza: kasome.

Sasa mniambie, "usiwe kama mimi" kwa lipi? Kwa kulisoma jiwe? Kwa kugawa kwa haki? Au kwa zebaki ya kunasia dhahabu, ambayo aliishika kwa mikono mitupu na kuichoma juu ya jiko la mkaa uani kwetu, sisi tumekaa hatua tatu tunasubiri ugali? Hilo la mwisho ndilo hasa lilitakiwa kukatazwa, tena kwa jina lake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauingii uani kwa mtu. Mzazi ndiye aliyeko uani. Ukisema tu "usiwe kama mimi" umefagia dhahabu na mchanga pamoja, na mtoto anatoka hapo akijua jambo moja peke yake: baba ni wa kuonewa aibu.

Hata lugha iliingia humo. Nyumbani kwetu Kirundi kilikuwa cha wazazi, cha usiku, mlango umefungwa. Sisi tuliambiwa tuseme Kiswahili, na Kisukuma cha kuchezea mtaani. Ninaelewa woga ule. Vyeti vya uraia vilianza kutolewa mwaka 2014, kwa Warundi zaidi ya 160,000 wa makazi yale, na hadi siku hiyo mtu aliishi akisikiliza hatua za mlangoni. Lakini cheti kilipokuja kikawekwa kwenye begi la chini ya kitanda, na Kirundi kikabaki humohumo.

Najua nitakavyojibiwa: wewe si umesoma kwa sababu ya maneno hayohayo? Nimesoma, ndiyo. Ila ada ililipwa na karasha, na daftari nilinunuliwa na marudio, ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na kuoshwa. Kilichonisomesha ni ile kazi niliyoambiwa niikimbie. Wala sisemi mtoto atiwe shimoni. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, na katazo hilo liachwe lilivyo. Kumweleza mtoto kazi yako si kumtia kwenye kazi hiyo.

Wapo pia waliobadilisha maneno kidogo. Buzwagi ilipoanza kuzalisha mwaka 2009, Kahama ilipokea wageni wa aina nyingine, wa koti lenye mistari inayong'aa na basi la kuwafuata mtaani. Hao waliwaambia watoto wao: someni muwe kama mimi, mwajiriwe mgodini. Jirani yangu alikuwa mmoja wao, mtu wa Mbeya, mpole, fundi wa mitambo hodari kabisa. Mwaka 2021 mgodi ukafungwa. Leo eneo lile linaitiwa wawekezaji wa viwanda. Wanawe wawili wana diploma za mambo ya madini na wanasubiri barua. Hakuna kati yao anayeweza kufungua pampu ya maji, kwa sababu gereji ya baba ilikuwa mahali pa kuchafukia nguo. Yeye alijisifu, baba yangu alijidharau, na wote wawili walifunga mlango wa kazi yao mtoto asione ndani.

Baba bado yupo. Mkono wake wa kulia unatetemeka akishika kikombe, na daktari ameuliza maswali mengi kuhusu zebaki. Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la tano alimletea jiwe la barabarani, akamuuliza kama lina dhahabu. Nilitegemea asikie "kasome". Mzee aliagiza karai.

Ewe mzazi wa Kahama, wa Kakola, wa Katoro, uliyekuja huku kutoka kokote ulikotoka: jioni ya leo mtoto akija kuchukua hela ya unga, mtajie kitu kimoja unachokijua vizuri, na kimoja ulichokosea. Vitaje kwa majina yake. Unga utasubiri.