Mbao za Ukingo wa Mashua

Ndugu yetu mmoja aliyeko Eldoret ametuuliza kuhusu mashua ya urithi iliyoko Lamu. Mbao zake za ukingo zimekuwa kijivu. Je, apeleke saiprasi za huko bara zibadilishwe, au zipakwe vanishi chombo kipate kuuzwa?

Twasema, kwanza aujue mti wenyewe. Kijivu ni kazi ya jua na mvua, si lazima kiwe dalili ya kuoza. Akwangue kidogo mahali palipositirika. Msaji hutoa rangi ya dhahabu, na ukiupapasa una mafuta. Mvule huelekea hudhurungi, na vumbi lake huwasha pua. Kisha achome ncha ya kisu. Ikizama bila ushindani, ubao umeoza, nao hauna dawa ila kubadilishwa kwa mti wa aina yake. Saiprasi ni laini, na ukingo hupigwa na gati na kamba kila siku.

Ubao ulio mzima uoshwe chumvi kwa maji matamu, ukauke kabisa, ukwanguliwe vanishi kuukuu, upigwe msasa kwa kufuata nyuzi. Msaji ufutwe kwa thina, kwani mafuta yake huizuia vanishi kushika. Mkono wa kwanza uwe mwepesi. Mingine ifuate, kila mmoja ukikauka.

Ama vanishi juu ya ubao uliooza, hiyo ni ghushi. Mnunuzi ataingia baharini na wanawe. Aibu ya chombo itajwe kabla ya bei, na warithi wote waijue. Bei ipungue, amana ibaki.