Kahawa ya Mjini na Mibuni ya Baba Mkubwa

Leo twataka kuwasimulia habari ndogo iliyotupata hapa Kindu. Ni habari ya kikombe kimoja cha kahawa, lakini imetufundisha jambo ambalo hatukulipata katika miaka yetu yote ya seminari.

Siku ile baba mkubwa wetu alivuka mto asubuhi na mapema kutoka upande wa Alunguli. Alikuja na shauri lake. Nyuma ya nyumba yake iko mistari michache ya mibuni mizee, iliyopandwa na marehemu baba yake. Naye alitaka fedha kidogo za kuwalipa vijana waifyeke, apate kupanda muhogo. "Muhogo wajaza sufuria, mwanangu," alisema. "Mbuni wanijazia nini? Wanunuzi hawaji tena." Tukamwahidi jibu jioni.

Kumbe siku hiyo hiyo rafiki yetu mmoja, tuliyesoma naye zamani, alikuwa ametualika katika nyumba mpya ya kahawa, ile yenye viti vya ngozi, vioo kila upande, na jenereta ingurumayo uani. Haikufaa kumwacha mzee peke yake, basi tukaenda naye. Lakini twaungama mbele yenu: moyoni tuliona haya. Tuliona haya kwa ajili ya kandambili zake zenye tope la mtoni, na koti lake lililoshonwa mabegani kwa uzi wa rangi nyingine. Tulipoingia tukachagua meza ya pembeni, nyuma ya nguzo. Baba mkubwa alituangalia, asiseme neno.

Mtumishi kijana akaleta orodha ya vinywaji. Tukaisoma kwa sauti, kwa Kifaransa kilichonyoka, tukaagiza ekspreso kama watu waliozoea. La hasha, hatukuzoea! Vikaletwa vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto, ndani yake kahawa nyeusi isiyozidi mafunda mawili. Tulipoionja, uso ukajikunja wenyewe. Tukatia sukari vijiko vinne. Baba mkubwa hakutia kitu. Alinusa kwanza, akanywa polepole, akakiweka kikombe chini. "Humu mna buni ya kwetu," akasema. "Ile ya milimani haina uchungu huu."

Tulidhani mzee anajisifu tu. Naye akamwita kijana kwa upole, akamwuliza kahawa ile yatoka wapi. Kijana hakujua, lakini alikuwa na adabu, akaenda jikoni, akarudi na mfuko mtupu. "Tazama, Papa," akasema. Mfuko ulitoka Italia, na juu yake yaliandikwa majina mawili: arabika na robusta.

Hapo mwalimu akaikumbuka kazi yake. Arabika asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, na katika nchi yetu hustawi kwenye milima ya Kivu. Robusta ni neno la Kilatini, maana yake "yenye nguvu". Ni mti wa misitu ya joto ya nchi za chini kama hii ya Maniema. Miche iliyotoka katika nchi ya mto Lomami, magharibi ya Kindu, ilifika Brussels, na yapata mwaka 1900 kampuni ya Linden, iliyokuwa ikiuza mimea, ikaitangaza kwa jina hilo la robusta. Mwaka 1901 ikapelekwa kisiwa cha Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeiangamiza arabika. Mti wa msituni ukashindana na ugonjwa, ukashinda, ukaenea nchi nyingi. Leo Vietnam ndiyo ya kwanza duniani kwa robusta, na hata ile kahawa ya unga tunayonunua katika makopo, sehemu yake kubwa hutokana na mti huo.

Na sisi je? Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kongo iliuza nje tani kama 120,000 za kahawa kwa mwaka. Baadaye kiasi hicho kikaanguka vibaya sana. Mashamba makubwa yalikuwa yamenyang'anywa wageni tangu mwaka 1973, mengi yakapewa watu wasiojua kuyatunza, ugonjwa wa kunyausha mibuni ukaingia, barabara zikafa, kisha zikaja vita za mwaka 1996 na 1998.

Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe mtoto wetu alichukuliwa angali mdogo," akasema, "amerudi na nguo za kigeni, nasi twalipa ili tumsalimu."

Malipo yenyewe yalikuwa dola tatu kwa kila kikombe. Rafiki yetu alikuwa mwenyeji, akatia mkono mfukoni. Lakini sisi kwa majivuno tukamzuia, tukatoa dola tisa. Fedha hizo mama watoto alitupa asubuhi tununue madaftari ya shule. Baba mkubwa akaziangalia zikienda. "Kwa vikombe hivi vitatu," akasema, "mimi ningetoa debe zima la buni kavu."

Nanyi wanafunzi, fanyeni hesabu. Kikombe kama kile hutumia gramu 8 za kahawa iliyosagwa. Kilo moja, basi, yatoa vikombe 125. Kwa dola tatu kila kimoja, ni dola 375. Hatusemi mwenye nyumba ile ni mwizi. Ana mafuta ya jenereta, ana mishahara ya kulipa, na mfuko wake wa kahawa umesafiri mbali kuliko sisi sote. Lakini kwa nini usafiri hivyo, na buni ziko ng'ambo ya mto?

Tulipokuwa tukishuka kwenda kivukoni, tulimwomba baba mkubwa radhi kwa ile meza ya nyuma ya nguzo. Akacheka. "Mliona haya, nikaona," akasema. "Lakini mlinileta." Kisha akasema atafyeka nusu tu ya mibuni, kwa kuwa lazima watu wale, nusu nyingine itabaki, wajukuu waijue.

Mama watoto hakucheka. Kwa wiki mbili tulikwenda kazini kwa miguu, fedha za pikipiki zikanunua madaftari.

Wakati wa kiangazi likaja kapu. Tulizianika buni juani mpaka zikalia zikitikiswa, tukazitwanga kinuni, tukapepeta. Tukazikaanga katika sufuria kavu kwa moto mdogo, tukikoroga bila kupumzika mpaka zikapasuka na kuwa rangi ya hudhurungi. Tukazitwanga tena, tukatia vijiko viwili katika maji yaliyochemka, tukaacha machicha yashuke.

Watoto walikunywa kidogo, chenye sukari nyingi. Mkubwa wao akauliza kahawa hii yatoka dukani gani. Jumamosi ijayo tutamvusha mto, akaione mibuni kwa macho yake.