Rubani Akikosea, Abiria Alipe?

Kuna sentensi moja ambayo kampuni za ndege zimeihifadhi kuliko dua: abiria ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha ana hati zote za safari. Imo kwenye masharti ya tiketi, imo kwenye barua pepe, na ukienda kulalamika utasomewa tena kwa tabasamu. Mimi nasema sentensi hiyo imekuwa kichaka cha kujifichia, na watu wa Pwani tumeizoea mno hata tunaiitikia amina.

Kisa chenyewe hiki hapa. Mpwa wangu ni mpishi katika hoteli moja ya Watamu. Alipata nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu Barbados, nchi isiyomdai Mkenya viza. Ndege ingepitia London, abadilishe palepale uwanjani na kuendelea. Kabla ya kutoa hata shilingi, aliiandikia kampuni ya ndege kwenye namba yao rasmi ya WhatsApp. Aliuliza kwa Kiingereza kilichonyooka: nina pasipoti ya Kenya, sina viza ya nchi nyingine yoyote, je, nitahitaji viza ya kupitia London? Jibu likaja baada ya dakika kumi: hapana, maadamu hutoki nje ya uwanja.

Akalipa Sh214,000. Kati ya hizo, 150,000 ni mkopo wa Sacco ambao mimi ni mdhamini wake. Zilizobaki zilitoka kwa mama yake, dada yangu, anayeuza samaki Mayungu, pamoja na wenzake wa chama.

Jibu lile halikuwa kweli. Mkenya yumo katika orodha ya Uingereza ya raia wanaotakiwa kuwa na viza hata kama wanabadilisha ndege tu bila kuvuka uhamiaji. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano mwenye viza halali ya Marekani au Kanada, lakini yeye alishasema hana. Alitoka Malindi kwa ndege ya asubuhi, akafika Jomo Kenyatta, na pale kaunta mfanyakazi wa kampuni ileile akatazama skrini, akatikisa kichwa. Pole dada, huwezi kupanda. Viza yenyewe bei yake haifiki paundi 50.

Sasa hebu tuulizane. Yule wa kaunta alijuaje? Hakupiga simu ubalozini wala hakuota. Kampuni za ndege hutumia hifadhidata iitwayo Timatic, ya chama chao cha kimataifa, IATA. Unaingiza uraia, unakokwenda na unakopitia, nayo inakuambia hati gani zinatakiwa. Na wanaiangalia kwa makini kwa sababu wakimpeleka mtu asiye na hati, wao ndio wanaotozwa. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2001 linataka kampuni zitozwe faini kwa abiria wa namna hiyo, na Uingereza hutoza paundi 2,000. Kwa hiyo kampuni hiyohiyo, ikiwa na maarifa hayohayo, huwa bingwa wa viza inapojikinga na faini, na huwa haijui kitu inapokuuzia tiketi. Unapouliza kabla ya kulipa, wewe ndiwe mwenye jukumu la kujua. Ukishalipa, wao ndio wanaojua, tena wanajua kiasi cha kukuzuia mlangoni. Hilo ndilo linaloniudhi, kuliko hata kosa lenyewe. Mtu hukosea. Lakini kosa la muuzaji kugeuzwa deni la mnunuzi, hiyo ni biashara gani?

Wapo watakaosema, na wamekwisha sema: mbona hakuangalia mwenyewe tovuti ya serikali ya Uingereza? Haya. Kanuni hizi hazitulii. Hadi Januari 2024 Mkenya alikuwa akibadilisha ndege Madrid bila viza. Kuanzia tarehe 20 ya mwezi huo Uhispania ikaanza kuidai. Aliyekata tiketi Desemba angejua kwa ndoto? Mtu wa kawaida humwuliza anayefanya kazi hiyo kila siku, na ndivyo alivyofanya mpwa wangu, tena kwa maandishi. Kama hawataki kuulizwa, basi waseme "hatujui, nenda ubalozini." Hilo ni jibu la heshima. Kusema "hapana, huhitaji" ni kutoa ahadi.

Sisi wa Malindi tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa, akapewa rubani wa kumvusha hadi Kalikuti. Neno lilikuwa hilohilo, rubani, kabla halijapanda ndegeni. Sijui kama yupo nahodha ambaye angekubali kuambiwa, baada ya jahazi kupasukia mwambani, kwamba kuujua mwamba lilikuwa jukumu la abiria.

Huko Kanada hoja hii imeshafika mbele ya waamuzi. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia liliamua dhidi ya Air Canada, ambayo programu yake ya kujibu wateja ilimpa abiria aliyefiwa na bibi yake maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba. Kampuni ilijitetea eti programu ile ni kitu chenye kujitegemea, kinachowajibika chenyewe! Baraza likakataa: maelezo yaliyo kwenye tovuti yako ni yako. Alirudishiwa dola mia kadhaa tu, lakini kanuni ilisimama.

Na sisi hatuko uchi kisheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji, na haki ya fidia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayahesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuwa mwenendo usio wa haki. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Muda nao una mwisho: Mkataba wa Montreal, ambao Kenya imo, unatoa miaka miwili kwa madai yanayouhusu. Watabishana kama kukataliwa kaunta kunaingia humo au la. Wewe usisubiri ubishi huo uishe, hesabu miaka miwili na uwahi. Zaidi ya yote usifute ule ujumbe. Usibadilishe simu kabla hujauhifadhi, na ukienda mahakamani kumbuka kwamba ushahidi wa kielektroniki huhitaji cheti chake chini ya Sheria ya Ushahidi.

Lakini ugomvi wangu hauko na kampuni peke yake. Uko pia na wale waliokuja nyumbani kumpa pole na kumwambia anyamaze, riziki haikuandikwa. Wallahi, riziki iliandikwa, tiketi ikaandikwa, na jibu la WhatsApp likaandikwa. Kadari haijawahi kutuma ujumbe kutoka namba rasmi. Yule mhudumu ana mshahara wake mwisho wa mwezi, na Sacco inakata wa mpwa wangu kila mwezi kwa safari ambayo hakwenda. Na nafasi ya Barbados alipewa mtu mwingine.

Tulipeleka barua ya madai tukawapa siku 14: nauli yote, riba ya mkopo, na nauli ya Malindi hadi Nairobi kwenda na kurudi. Siku ya kumi na mbili wakajibu kwa kusikitika kwa usumbufu, na wakampa vocha ya Sh30,000, itumike ndani ya mwaka mmoja, katika ndege zao tu. Mpwa wangu aliisoma mara mbili. "Mjomba," akaniuliza, "hawa wanataka nipande tena kwa ushauri wao?" Vocha tumeirudisha, na Jumatatu tunawasilisha madai mahakamani.