Ukwasi Uliofungwa: Lugha ya Sarafu Fiche na Mnunuzi wa Ramisi

Mijadala ya istilahi miongoni mwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hukazania zaidi isimu, fasihi na tarakilishi. Istilahi za fedha huachiwa wanahabari na wauzaji. Wanahabari hufanya wawezalo kabla ya saa ya taarifa. Wauzaji hufanya watakalo. Matokeo yake ni kwamba mkulima, mvuvi au mwendeshaji boda boda anaposhawishiwa kununua sarafu fiche, lugha yenyewe imekwisha kumsaliti kabla hajatoa hata shilingi moja.

Litazamwe neno tokeni. Huko Ramisi, kwenye barabara ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga, tokeni ni tarakimu 20 za umeme wa kulipia kabla. Mtu hulipa, hupata tarakimu, huzibonyeza kwenye mita na taa huwaka. Zikikataa, anajua pa kulalamika. Neno hilohilo sasa limepewa kitu kisichofanana na hicho hata kidogo: alama iliyoandikwa katika daftari la pamoja la mtandaoni, iliyoundwa na mtu ambaye huenda hajulikani jina wala nchi, na ambayo thamani yake ni ile tu ambayo mnunuzi mwingine yuko tayari kulipa. Hakuna taa inayowaka. Hata hivyo, imani aliyoijenga mtu kwa mita yake huhamia kimyakimya kwenye alama hiyo.

Hali ni hiyohiyo kwa kitenzi kuchimba. Ramisi iko jirani na Nguluku na Maumba, ambako kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini na kuanza kuusafirisha kupitia Likoni mwaka 2014, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Wakazi wameona kuchimba ni nini: ardhi imegeuzwa, malori yamepita, watu wamehamishwa na wengine wakaajiriwa. Basi anapoambiwa kwamba simu yake ‘inachimba’ sarafu akiwa amelala, mkazi huyo hupewa picha ya kitu kizito kinachotoka ardhini. Katika mitandao ya kweli kama Bitcoin, kinachoitwa kuchimba ni kazi ya kompyuta zenye nguvu kubwa zinazoshindana kuthibitisha miamala, zikila umeme mwingi. Programu ya simu inayodai kufanya kazi hiyo kwa kubofya kitufe mara moja kwa siku inastahili kutiliwa shaka papo hapo.

Ulaghai wa namna hii umekuwa ukiazima lugha ya watu tangu zamani. Kampuni ya DECI ilipoendesha shughuli zake Tanzania hadi ziliposimamishwa mwaka 2009, wanachama waliambiwa ‘wapande mbegu’ kisha wasubiri ‘kuvuna’. Ni nani katika nchi ya wakulima asiyeelewa kupanda na kuvuna? Nchini Kenya, jopo lililoongozwa na Francis Nyenze lilichunguza michezo ya piramidi iliyosambaratika katikati ya miaka ya 2000, na ripoti yake ya mwaka 2009 ikabaini kwamba karibu watu 150,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Wakati huo hapakuwa na sarafu fiche. Kiini cha mchezo kilikuwa kilekile: fedha za anayeingia leo ndizo faida ya aliyeingia jana.

Sarafu fiche zilipokuja, mchezo ulivaa joho jipya. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, ilikusanya takriban dola bilioni 4 duniani kote. Ignatova alitoweka Oktoba 2017 na mwaka 2022 akatiwa katika orodha ya watu 10 wanaotafutwa zaidi na FBI. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 nchini Marekani mwaka 2023. Nchini Uganda vifurushi vyake viliuzwa hata kwa watu wa kipato kidogo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba OneCoin haikuwa na daftari la pamoja ambalo mtu wa nje angeweza kulikagua. ‘Bei’ iliyopanda kila mara ilikuwa tarakimu iliyoandikwa na kampuni yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2019, Waganda wengine kwa maelfu waliachwa na Dunamiscoins, ambayo ofisi zake zilifungwa ghafla baada ya kuwaahidi wateja faida kubwa kwa muda mfupi.

Swali la kwanza la usalama, basi, ni hili: je, daftari lipo, na mtu asiye wa kampuni anaweza kulisoma? Lakini kuwepo kwa daftari hakutoshi. Mwaka 2021 ilizuka tokeni iliyojitwalia jina la mchezo wa kuigiza wa Korea, Squid Game. Daftari lake lilikuwepo na bei yake ikaruka kupita dola 2,800. Wengi walioinunua wakagundua kwamba hawawezi kuiuza. Tarehe 1 Novemba 2021 waundaji waliondoa fedha zilizokuwamo, zaidi ya dola milioni 3, na bei ikaanguka karibu na sifuri. Mlango wa kuingia ulikuwa wazi. Wa kutokea haukuwepo. Anayetaka kujua kama tokeni inauzika hana budi kuuliza nani ameshauza, si nani amenunua.

Hapa ndipo istilahi inapogeuka kuwa suala la kupoteza au kutopoteza mali. Wataalamu wakikagua tokeni huuliza kama fedha zinazowezesha watu kununua na kuuza zimefungwa, yaani kama waundaji wamezuiwa kuzichota kwa muda fulani. Kamusi za uchumi huita wepesi huo wa kugeuza mali kuwa fedha taslimu ukwasi. Sasa muuzaji akitangaza kwamba ‘ukwasi umefungwa’, msomaji wa kawaida, ambaye kwake ukwasi ni utajiri na mkwasi ni tajiri, ataelewa nini? Ama atadhani utajiri wake umehifadhiwa salama, ama atadhani umefungiwa asiufikie. Tafsiri zote mbili ni potofu, na ya kwanza ni ya hatari zaidi. Ingefaa zaidi kusema ‘fedha za kununulia wauzao’ hata kama maneno ni manne badala ya moja. Urefu si dhambi katika istilahi inayolinda jasho la mtu.

Neno mkataba nalo lina kasoro. Programu inayoendesha tokeni huitwa ‘mkataba erevu’. Katika Kiswahili mkataba una pande mbili, una sahihi na, ukivunjwa, una hakimu. Hii ni programu tu: hutekeleza ilichoandikiwa, iwe haki au dhuluma. Kama imeandikwa kwamba mwenyewe anaweza kuongeza tokeni nyingine apendavyo, ataziongeza, na zile za mnunuzi zitashuka thamani. Kama imeandikwa kwamba kibali kimoja kinamruhusu mwingine kutoa kila kilichomo katika mkoba, kitatolewa. Erevu ni wa aliyeiandika. Yapo pia yale maneno 12 au 24 yanayofungua mkoba wa kidijitali, ambayo hayapaswi kupewa mtu yeyote, awe ‘mhudumu wa wateja’ au jamaa. Kuyaita ‘maneno ya siri’ tu kunayafanya yafanane na nambari ya siri ya M-Pesa, ambayo ikipotea mtu huweza kupewa nyingine. Haya yakiibwa, hakuna ofisi ya kuyarejesha.

Kuna watakaosema kwamba njia salama ni kuziepuka tokeni zote. Msimamo huo una urahisi wake, lakini Kaunti ya Kwale yenyewe inaupinga. Huko Kinango, bara ya kaunti hiyo, Sarafu ya shirika la Grassroots Economics ilitumika sana wakati wa janga la Uviko-19. Chimbuko lake ni Bangla-Pesa, vocha za karatasi zilizoanzishwa katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, mwaka 2013. Waanzilishi wake, akiwemo Will Ruddick, walikamatwa mwezi Mei mwaka huo kwa tuhuma zilizohusu fedha bandia, na mashtaka yakaondolewa baadaye. Kufikia mwaka 2018 vocha hizo zilikuwa zikigeuzwa tokeni. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 takriban watu 40,000 walishiriki, wengi kwa simu za kawaida, zile zinazoitwa mulika mwizi, na kwa menyu ya Kiswahili. Mtu alinunua unga kwa Sarafu, muuza unga akanunulia mboga. Kumbukumbu za miamala, bila majina, ziliwekwa wazi kwa watafiti.

Si kwamba Sarafu haikuwa na hatari. Funguo zilikaa katika mtambo wa shirika, kwa hiyo mtumiaji alilazimika kuliamini. Thamani yake ilitegemea jirani kuendelea kuipokea. Hata hivyo haikumwahidi mtu kwamba atatajirika kwa kukaa nayo. Salio lililolala lilipunguzwa kwa ada ili watu waitumie. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya chombo cha kubadilishana na chambo. Mwenye kujua mchezo wa akina mama, ambamo kila mwanachama anamjua anayepokea zamu yake, alikuwa na kipimo cha kuielewa.

Upande wa dola, hatua zimepigwa kwa kusuasua. Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo Desemba 2015. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi kukaguliwa mboni za macho ili wapate tokeni 25 za Worldcoin, zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha zoezi hilo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Wangapi katika foleni zile walisoma masharti waliyoyakubali? Oktoba 2025 ikatiwa saini Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali, ambayo inawataka wanaoendesha biashara hizo wapate leseni chini ya usimamizi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike na bidhaa na huduma. Ni vigumu kuona jinsi haki hiyo inavyomfikia mtu wa Ramisi kwa lugha asiyoisoma kwa urahisi, hali muuzaji humjia kwa Kiswahili sanifu, tena kitamu.

Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaofanya miradi ya tafsiri kila mwaka, na mingi huishia rafuni. Masharti ya tokeni moja, kurasa chache tu, yakitafsiriwa kwa uaminifu na kusomwa kwa sauti mbele ya watu wa Ramisi, Shirazi na Bodo, yangeonyesha ni maneno yapi yanaeleweka na yapi yanapotosha. Neno la kwanza la kujaribiwa liwe ukwasi.