Pipa la nyanya na tangi la Osaka

Haya wasomaji, nimerudi salama. Najua mnangojea habari za treni za Japani na vyoo vyenye vitufe vingi kuliko kibodi yangu. Hizo baadaye. Leo nataka tuongee kuhusu pombe.

Jioni moja pale Osaka nilikuwa natafuta chakula, nikaona matangi ya chuma nyuma ya dirisha la kioo. Kumbe ni kiwanda cha bia! Lakini ukubwa wake ni kama duka la kawaida pale kwetu Kosele: matangi manne, kaunta ya watu kumi hivi, na aliyeipika bia ndiye anayekumiminia. Ukutani kulining'inia daftari la tarehe, joto na vipimo vya kila tangi. Mimi mtu wa programu nililipenda daftari kuliko bia.

Nikamkumbuka nyanya yangu. Yeye alipika busaa. Unga wa mahindi unakandwa na maji, unaachwa siku kadhaa uchachuke, unakaangwa juu ya bati, kisha unachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Baada ya siku mbili tatu unachuja. Hakuwa na kipimajoto. Alitia mkono, akanusa, akajua. Busaa hiyo ndiyo iliyolipa karo yangu mpaka nikafika chuo kikuu kusomea kompyuta. Na siku ya msako niliona pipa zima likimwagwa uani, naye akipelekwa kituoni kama mwizi.

Sasa, tofauti ya nyanya na yule bwana wa Osaka ni nini? Wengi watasema ni teknolojia. Mimi nasema ni sheria.

Hadi 1994, mtu aliyetaka leseni ya bia Japani ilibidi atengeneze angalau lita 2,000,000 kwa mwaka. Ni kampuni kubwa tu zilizoweza. Mwaka huo serikali ikashusha kiwango hadi lita 60,000, na viwanda vidogo vikaanza kuchipuka mijini na vijijini. Iko hata leseni ya kinywaji cha jamii ya bia, chenye kimea kidogo au viungo vingine, inayoanzia lita 6,000. Piga hesabu: hayo ni mapipa 30 ya lita 200. Mama anayepika pipa moja kila wiki anafikisha lita 10,400. Kule angekuwa na kiwanda. Hapa ana kesi.

Mtasema Kenya ilihalalisha mwaka 2010. Ni kweli, sheria ya mwaka huo, ile tuliyoizoea kama sheria ya Mututho, ilifuta ile iliyopiga marufuku chang'aa na ile ya leseni za pombe. Lakini ikaweka masharti ya leseni, viwango na ufungaji ambayo mtu mwenye kiwanda atayatimiza, mwenye pipa hawezi. Ni kama kumwambia mtu programu ni huru, ila aiendeshe kwenye seva ya milioni kumi.

Najua pia hofu iliyopo. Mei 2014 zaidi ya watu 60 walikufa nchini kwa pombe iliyotiwa methanoli. Sichezi na hilo, wala sisemi ulevi ni jambo zuri. Kijijini nimeona nyumba zilizovunjika. Lakini methanoli huingia pale watu wanapofanya kazi gizani, bila jina, bila daftari, bila mkaguzi. Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba kosa lililofichwa halirekebishiki. Ukimfukuza mpishi aingie vichakani, umefukuza pia nafasi ya kumpima.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya leseni za pombe. Basi Homa Bay ianze: leseni ndogo kwa wapika busaa, maji safi, daftari la kila pipa, na sampuli kupimwa maabara. Daftari naweza kulitengeneza mimi, likae kwenye simu ya kawaida, bure.

Nyanya hayupo tena. Ujuzi wake haukuandikwa popote, nami sikuwahi kumuuliza alijuaje kwa kunusa tu. Wewe, kwenu nani anajua kupika, na nani ameandika?